Kimya na Haraka

Mwisho wa mwezi, duka la dawa la katikati ya mji halina adabu. Foleni inatoka mpaka barazani. Huyu anakohoa, yule anabembeleza mtoto, mwingine amesindikiza tu, na kila mtu anajifanya hasikii shida ya mwenzake huku masikio yamemsimama. Katika foleni hiyo, asubuhi moja ya manyunyu, alikuwemo mwanamke aliyevaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa kiunoni, mkononi ana mwavuli unaomdondoshea maji vidoleni bila yeye kujua. Alikuwa mbali. Mwili uko kwenye foleni, roho inatembea zake huko, na tusimlaumu, wapo watu walioumbwa hivyo.

Zamu yake ilipofika aliinama dirishani akanong'ona. Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani, naye akanong'ona kumjibu. Mambo yalikwenda kwa heshima mpaka sauti ya kiume ikapita juu ya vichwa vya watu.

"Shikamoo mama. Samahani, dawa ya fangasi wa miguu ipo? Ile ya kupaka. Vidole vinaniwasha hata usingizi sipati."

Duka zima likageuka. Kijana mrefu, mwembamba, suti ya mazoezi ya bluu iliyofifia magotini, ndala miguuni, raba kazining'iniza shingoni kwa kamba zake. Foleni nzima ameipita.

"Kaka, kuna foleni," yule wa gauni la kijani alisema bila kugeuka.

"Nimeiona, dada. Ndefu kweli."

"Kama umeiona, iheshimu."

"Nauliza tu kama ipo. Kama haipo, nijipange foleni ya nini?"

Watu wakacheka. Mwanamke hakutaka kucheka, akauma mdomo, kicheko kikamtokea puani. Hapo ndipo alipogeuka, na alipogeuka alikuta macho yanayomtazama kama yamemkumbuka, ingawa hawajawahi kuonana.

"Na ungeweza kusema polepole," alimwambia. "Sasa mji mzima unajua habari za vidole vyako."

"Wajue. Nimevaa ndala, nitawaficha nini? Wewe je, umenunua nini mpaka unanong'ona kama mtu aliyekuja kuiba?"

Mwanamke alitia kifuko chake ndani ya mkoba akaufunga zipu. "Hayakuhusu."

"Basi jina lako nimeshalijua. Wewe ni Kimya."

"Na wewe ni Haraka. Rudi nyuma ya foleni."

Alirudi, jamani. Mwanaume mzima alirudi mpaka barazani kwenye manyunyu, akawa anamchungulia kupitia kioo huku akitabasamu peke yake. Kimya alipita mbele yake na mwavuli wazi, hakutoa namba ya simu, hakutoa hata kwaheri. Lakini alipovuka barabara aligundua kwamba anatembea mvuani na mwavuli ameuinamisha upande, kama mtu anayemfunika mwenzake.

Sasa niwaambie Kimya alikuwa nani. Alikuwa mtaalamu wa viungo kwenye klabu ya riadha na netiboli, ile yenye uwanja nyuma ya karakana za magari. Wanamichezo walimwita Daktari, naye alishachoka kuwasahihisha. Chumba chake kilikuwa na kitanda chembamba, pazia jeupe, kabati la mafaili lenye kufuli, na dirisha linalotazama uwanja. Asubuhi ukungu ulikuwa ukiingia taratibu kwa dirisha hilo ukachanganyika na harufu ya dawa ya kuchua, na wakimbiaji wakapita nje bila miguu kuonekana, vichwa na mabega tu, wakielea.

Mlangoni pake palikuwa na ubao wenye majina ya wanamichezo wote, na kando ya kila jina pini moja. Ya kijani, mtu yuko sawa. Nyekundu, asiguse uwanja. Kocha aliruhusiwa kuona rangi, basi. Angeweza kuuliza "lini atarudi?" lakini si "ana nini?" Kocha aliichukia sheria hiyo kama anavyochukia mvua, na Kimya aliipenda kuliko mshahara. Alikuwa na sheria nyingine ambayo hakuna aliyemwandikia: akikutana na mgonjwa wake nje, sokoni, harusini, popote, haanzi yeye kumsalimu. Mgonjwa akisalimu, wanajuana. Asiposalimu, hawajawahi kuonana.

Jumatatu iliyofuata mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja.

"Nimehamia klabu hii," sauti ilisema, "nimeambiwa lazima nionwe na Daktari kwanza kabla ya..." Kisha uso mzima ukafunguka. "Kumbe!"

"Kaa," Kimya alisema, joto likimpanda shingoni. "Vua viatu."

"Fangasi wamepona."

"Sijauliza fangasi. Umewahi kuvunjika?"

Haraka alijibu yote aliyoulizwa na mengine asiyoulizwa. Alikuwa mkimbiaji wa mita mia nne. Aliwahi kuvunjika mkono akiruka ukuta wa jirani. Aliogopa sindano. Alipenda kulala na soksi. Kuhusu ukoo, alisema baba yao alianguka ghafla kazini akafariki, yeye akiwa mdogo. Ilikuwa presha, ndivyo walivyoambiwa. Kimya akaandika presha. Akampima, akasikiliza kifua, hakusikia kitu cha kumshtua isipokuwa mapigo yake mwenyewe. Pini ikawa ya kijani.

Mapenzi hayapigi hodi, nayo hayakupiga. Yaliingia na chupa ya chai ambayo Haraka alianza kuileta kila baada ya mazoezi, wakawa wanakunywa wamekaa kwenye ngazi za jukwaa tupu, jua likiwa bado halijaamua kutoka. Yaliingia kwa simu za mchana.

"Uko wapi, laazizi?"

"Kazini."

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Wenye miguu."

"Kimya, hata jina la aliyelala hapo kitandani huniambii? Mimi mpenzi wako?"

"Ungependa yeye aambiwe lako?"

"Mwambie. Mpe salamu kabisa."

Kimya alikuwa akikata simu anacheka peke yake, na mgonjwa kitandani anauliza kulikoni. Siku hizo alitembea kama mtu aliye ndani ya maji ya uvuguvugu. Alipaswa kulipeleka faili la Haraka kwa Daktari Mkuu wa klabu, aseme wazi: huyu nampenda, mtibu wewe. Alijua. Kila Ijumaa alisema Jumatatu, kila Jumatatu alisema acha kwanza wiki ipite. Hapo alikosea na mimi simtetei.

Jina la Haraka lilipotoka katika waliochaguliwa kwenda kambi kubwa ya mazoezi ng'ambo, walishangilia wote wawili. Mwaka mzima na zaidi, makocha wa maana, uwanja wa maana. Haraka aliota kambi hiyo tangu anakimbia pekupeku. Kimya alimshonea kitufe kilichong'oka kwenye koti la safari, machozi yakamlenga, akasema ni uzi umemgusa jicho.

"Kabla sijaondoka," Haraka alisema, "nataka uwajue watu wangu. Tuanze na Dada. Mama tutamfikia, Dada ndiye mlango."

Jumapili akavaa gauni la rangi ya maziwa, hereni ndogo, manukato kidogo nyuma ya masikio. Haraka alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, na mkunjo mmoja ulikwenda pembeni. Walifika, wakagonga, mlango ukafunguliwa na mwanamke mrefu aliyejifunga kitambaa kichwani, mtoto kambeba kiunoni.

Kimya alisimama pale pale kizingitini. Uso ule aliufahamu. Mara ya mwisho aliuona ukiwa juu ya kitanda chake chembamba, nyuma ya pazia, ukilia bila sauti. Alikuwa mfungaji bora wa netiboli aliyewahi kutokea kwenye klabu, akazimia mazoezini, hospitali kubwa ikamwambia msuli wa moyo wake umenenepa kuliko inavyotakiwa, na kwamba kukimbia kwa nguvu kunaweza kuuzima kama taa. Ugonjwa huo hutembea kwenye damu ya familia, wakamwambia. Awaeleze ndugu zake wapimwe. "Nitawaeleza," alisema. Kisha akamshika Kimya mkono. "Ila kutoka kwako asijue mtu. Mama akisikia neno moyo, atatangulia yeye." Akaacha netiboli, akasema imemchosha. Akaolewa, watu wakasema ndoa imemkata miguu, naye akacheka nao. Jina lao la ukoo ni la watu wengi, nusu ya mji inalo. Kimya hangeweza kujua.

Dada naye alimtambua. Ilionekana kwa namna alivyomhamisha mtoto kutoka upande wa kushoto wa kiuno kwenda wa kulia. Kimya akangoja salamu ya kujuana. Haikuja.

"Karibu, wifi," Dada alisema. "Nimesikia habari zako tu."

"Asante, dada. Nafurahi kukufahamu."

Haraka alifurahi mpaka akabeba viti viwili kwa pamoja. Mezani aliongea yeye. "Huyu Dada unayemwona, Kimya, alikuwa anacheza netiboli balaa, hapo hapo klabuni kwetu, nadhani kabla hujaja. Uvivu tu ukamshika."

"Nilichoka," Dada alisema, macho kwenye sahani.

Njia nzima ya kurudi Kimya alimtazama Haraka akitembea, akiruka vidimbwi, akimsimulia kambi, na kichwani mwake mambo yakajipanga yenyewe. Baba hakuwa na presha. Dada hakuchoka. Na huyu anayeruka vidimbwi?

"Leo ukimya umezidi kipimo," Haraka alimwambia.

"Nina usingizi, mpenzi."

Asubuhi yake pini ya Haraka ilikuwa nyekundu. Aliingia bila kubisha, jasho la kupasha mwili bado mgongoni.

"Nani kaweka nyekundu kwenye jina langu?"

"Mimi. Kaa kwanza."

"Sikai. Naumwa nini?"

"Sijui kama unaumwa. Nataka ukapimwe moyo hospitali kubwa kabla hujakimbia tena."

"Moyo wangu?" Alijaribu kutabasamu. "Moyo wangu si unao wewe."

"Haraka, sitanii."

"Kwa nini mimi? Wote tumepimwa hapa, wote tumepita. Jana nilikuwa mzima, nimelala nimeamka mgonjwa?"

Kimya alitazama dirishani. Ukungu ulikuwa mzito, hata nguzo za taa hazikuonekana. "Siwezi kukwambia."

"Nikusaidie? Foleni ya kipimo hicho inafika mwezi ujao. Ndege inaondoka mwezi huu. Wewe hutaki niende."

"Si kweli."

"Basi niambie iliyo kweli."

Sentensi moja tu ilitosha. Ilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, nyepesi, na angeisema, Haraka angekaa chini na wangelia pamoja. Lakini ile sentensi ilikuwa ya mwanamke mwingine, aliyemwachia akiwa amelala hapo hapo nyuma ya pazia. Kimya akaimeza.

"Siwezi," alisema tena.

"Mimi sijawahi kukuficha kitu," Haraka alisema, na sauti ilimvunjika. "Hata fangasi wangu unawajua."

Aliondoka, mlango akauacha wazi. Simu ya mchana haikuja. Wala ya kesho yake.

Klabuni maneno yakaota miguu. Kocha alikuja akaegemea mlango. "Daktari, mimi si mtu wa umbea," alisema, na mtu akianza hivyo jiandae, "ila vijana wanasema umemfungia bwana wako asiruke."

"Rangi umeiona, Kocha?"

"Nimeiona."

"Basi ndiyo hiyo."

Siku hiyo hiyo alilichukua faili la Haraka akalipeleka kwa Daktari Mkuu, mzee wa maneno machache aliyekuwa akija klabuni mara moja kwa wiki. Alisimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi.

"Huyu mgonjwa nampenda," alisema. "Sifai kumtibu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hajawa mgonjwa wangu."

Mzee akavua miwani. "Na hii nyekundu, ni ya mapenzi au ya kitabibu?"

"Ya kitabibu. Nina sababu."

"Nipe."

"Si yangu kuitoa."

Mzee akarudisha miwani usoni. "Nyekundu itabaki," alisema. "Ila faili hili lilipaswa kufika hapa zamani."

"Najua."

"Kujua si kufanya, binti yangu."

Lakini nyekundu ilimzuia Haraka ndani ya klabu tu. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya wazi kwenye uwanja wa mji, na wenye kambi wangekuwepo jukwaani. Yeyote mwenye barua ya kliniki aliruhusiwa kukimbia. Haraka alikwenda kwenye kliniki moja ya uchochoroni, wakampima uzito, wakampima presha, wakampa barua. Akiwapita wote mbele ya wenye kambi, alijiambia, tuone kama watajali pini.

Ijumaa alasiri Kimya aligonga mlango wa Dada. Mtoto alikuwa amelala, redio ikiimba chini kwa chini, nguo zilizofuliwa zikipepea dirishani na kutupa vivuli vyake ukutani.

"Amekutuma?" Dada aliuliza.

"Hapana. Hatuzungumzi."

"Kwa nini?"

Kimya aligeukia vivuli ukutani. Dada akamtazama, akatazama mikono yake mwenyewe, akaelewa.

"Kwa sababu yangu."

"Dada, mimi sikuja na habari za mtu. Nimekuja kukuuliza zako. Uliahidi utawaeleza ndugu zako. Umewaeleza?"

Redio ikabadilisha wimbo.

"Hata mume wangu hajui," Dada alisema. "Kila nikitaka kusema, namwona mama siku walipomleta baba. Nikajiambia, mdogo wangu ni mzima, anakimbia kila siku, mgonjwa gani anakimbia kila siku?" Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Ungemwambia tu. Ungejitetea. Mimi ningekuchukia, basi, ungebaki na mtu wako."

"Si neno langu."

"Na nikikataa?"

"Kesho anakimbia. Hilo si siri, jina lake limebandikwa kwenye orodha langoni mwa uwanja."

Alisimama akaondoka. Dada hakumwahidi lolote, hata kumsindikiza hakumsindikiza.

Jumamosi Kimya alisimama kwenye uzio wa uwanja, ndani ya gauni lile lile la rangi ya maziwa kwa kuwa hakukumbuka kuvaa jingine. Umande ulikuwa bado kwenye nyasi, jua limepauka kama mwezi wa mchana, na kila kitu kilionekana kinatokea mbali sana, bendera, kelele, harufu ya karanga za kukaanga. Alimwona Haraka kwenye njia yake akirusharusha miguu. Alikuwa ameshaamua. Bastola ya kuanzisha mbio ikiinuliwa, atapiga kelele, atasema mbele ya watu wote, ahadi ivunjike, kazi iende, lakini huyu asianguke. Mikono yake iliushika uzio mpaka ikaingia alama za waya.

Mwanzishaji akawaita mstarini. Hapo watu wakaanza kucheka.

Mwanamke aliyevaa gauni la nyumbani na ndala alikuwa anakatiza nyasi, mlinzi anamfuata kwa nyuma hajui amshike wapi. Alifika kwenye njia ya Haraka, akainua gauni kidogo, akakaa chini. Kabisa. Miguu kainyoosha mbele.

"Mama, tafadhali, tunaomba utoke njiani," kipaza sauti kikasema.

"Dada," Haraka alinong'ona, "unaniaibisha."

"Ndiyo. Chuchumaa hapa."

Alichuchumaa. Dada akamshika sikio, kama alivyokuwa akimshika utotoni akikataa kuoga, akasema naye. Uwanja mzima uliona midomo inatembea, hakuna aliyesikia. Mimi nitawapa sentensi moja tu, ya mwisho: "Mama kila siku anasema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nikaona anawasema wengine." Haraka alikaa pale kwenye njia, kando ya dada yake. Baada ya muda akaanza kubandua namba yake kifuani, pini moja baada ya nyingine. Walitoka wameshikana mikono. Bastola ililia nyuma yao, wenzake wakaondoka, naye akashtuka mwili mzima kama farasi, lakini hakugeuka.

Simu ya Kimya ikaita.

"Uko wapi?"

"Kwenye uzio."

"Nakuona. Dada ameniambia."

"Amekwambia nini?"

"Yote. Kwamba ulijua."

"Sijui unazungumzia nini, Haraka."

Ng'ambo ya uwanja, mtu mrefu aliyejitupia koti la suti yake ya mazoezi ya bluu mabegani alisimama na simu sikioni. "Hata sasa?" aliuliza.

"Hata sasa."

Kimya alimsikia anacheka na kulia kwa pumzi moja. Simu ikabadilisha mikono.

"Wifi," Dada alisema, "fungua mdomo. Nimekuruhusu."

Na Kimya, aliyekuwa amebana yote hayo tangu Jumapili ile, hakufungua mdomo. Alikaa kwenye nyasi zenye umande akalia mpaka muuza karanga akaja kumuuliza kama ameibiwa.

Haraka alifika anatembea, maana sasa aliogopa hata kukimbia kumfuata. Akapiga magoti.

"Nilikutukana," alisema.

"Hukunitukana. Ulinidhania."

"Bora ningekutukana."

"Ndiyo," Kimya alisema, "ingeuma kidogo."

Ndege ya kambi iliondoka bila yeye. Siku ya kipimo alikwenda na Dada. Ilibidi mama aambiwe, akalia, hakufa, akawapikia. Mume wa Dada alinuna, kisha akawa anambebea mkewe hata kikombe mpaka Dada akamwomba apunguze. Kimya hakwenda hospitali. Faili la Haraka lilikuwa kwa Daktari Mkuu, ndani ya droo iliyofungwa. Majibu yalipofika klabuni, aliyaona ndani ya bahasha mikononi mwa mzee, naye mzee aliipitisha mbele yake bila neno. Tangu aanze kazi hakuwahi kukaa upande huu wa pazia. Aliosha taulo ambazo zilikuwa safi. Alipanga chupa za dawa ya kuchua, akazipangua. Angeweza kumuuliza mzee, na usoni mwa mzee angesoma. Hakumtazama usoni.

Haraka alikuja jioni, mwanga wa machweo umejaa chumbani kama maji ya chungwa. Alikaa kwenye kitanda chembamba, viatu miguuni.

"Umeshajua?" aliuliza.

"Sijui chochote. Niambie wewe."

"Ninao," alisema. "Kama Dada. Kama baba."

Kimya aliyaacha maneno yote ya kitabibu. Alikaa kando yake akamshika mkono.

"Nitatembea, wamesema. Naweza kuogelea polepole. Dawa kila siku, kuonwa kila baada ya miezi. Ila mbio basi." Akatazama uwanja kupitia dirishani, wasichana wa kupokezana vijiti walikuwa wanamaliza mazoezi, vivuli vyao virefu vikiwatangulia. "Tangu nina akili zangu mimi ni mtu wa mbio, Kimya. Sasa ni mtu wa nini?"

"Sijui, roho yangu."

"Ungesema nitazoea. Wote wanasema hivyo."

"Labda utazoea. Leo lia."

Akalia. Alilia kwa sauti kubwa, mwanaume wa kupita foleni, na Kimya akaufunga mlango, akavuta pazia, akamshikilia mpaka wasichana wote wakaondoka uwanjani. Alipotulia alijifuta kwa taulo la klabu, akakohoa, akaanza kuchezea kona ya shuka.

"Kuna jambo jingine," alisema. "Daktari Mkuu aliniuliza nikizidiwa ni nani aruhusiwe kuelezwa habari zangu zote. Nikampa jina lako. Akauliza, huyu ni nani yako? Sasa mimi sikutaka kuchelewesha watu, nje kulikuwa na wagonjwa..."

"Ukasema nini?"

"Nikasema mke wangu. Ameandika."

Kimya alimgeukia taratibu. "Umeweka uongo kwenye rekodi ya mgonjwa?"

"Kwa wino. Kama nimekosa, nitarudi kesho nimwambie afute."

Nje taa ya kwanza ya uwanja iliwaka, ikakonyeza, ikakaa sawa.

"Rekodi za mgonjwa hazifutwi," Kimya alisema. "Ni kosa kubwa kazini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwambie mama yako aje kwetu, azungumze na baba. Haraka, kabla Daktari hajakagua."